Mdogo wetu hakuwahi kutembea: siku ya kuondoa matanga tuseme nini?

Wapendwa washauri,

Ninawaandikia kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mdogo wetu wa mwisho alifariki miezi minne iliyopita, akiwa na miaka 31. Mama alikaa na uchungu wa kuzaa siku mbili, mtoto akatoka bila kulia, na tangu hapo hakuweza kukaa bila kushikwa, hakutembea, hakusema neno. Daktari aliandika IMC, yaani mtindio wa ubongo. Alikuwa pia na kifafa, akinywa dawa asubuhi na jioni. Kilichomchukua ni mapafu: homa na kukohoa siku sita.

Siku ya mazishi baba mkubwa alishika maikro akasema: "Mungu amempumzisha, na ninyi pia mmepumzika." Watu wakaitika Amina. Tangu siku ile Mama hamjibu hata salamu. Anaamka saa nane ya usiku, saa aliyokuwa anamgeuza, anakaa kwenye kitanda chake hadi kunapambazuka. Mchana anazunguka nyumbani hana la kufanya. Anakula kidogo.

Sisi watoto wanne tunataka kufanya misa ya mwaka na kuondoa matanga vizuri, lakini tumekwama. Hatuna picha yake hata moja akiwa peke yake. Kwenye picha za sikukuu yuko pembeni, nusu uso. Yaya, mkubwa wetu, anataka kiti chake cha magurudumu kiuzwe, pesa ziingie kwenye simenti ya kaburi. Upande wa Baba unataka kikao cha kutafuta nani alimfunga mtoto miguu kwa uchawi. Mimi nimepewa kazi ya kuandika hotuba. Kila nikianza ninaandika "malaika asiye na dhambi", halafu ninafuta, maana mdogo wetu alikuwa na hasira: uji ukipoa alitutemea. Na akisikia sambaza, dagaa wa ziwa letu, zinakaangwa alicheka mpaka jirani anasikia. Watoto wangu nao wanauliza kama huko aliko anatembea. Na kabatini kuna pakiti tatu za dawa ya kifafa ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa.

Tuanzie wapi?

Dada yake, Kadutu

*

Dada yetu, pole sana, na Mama umfikishie pole yetu. Hatutafuata mpangilio wa barua yako, kwa sababu Mama hawezi kungoja misa ya mwaka.

Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili au tatu. Akiachwa upande mmoja zaidi ya hapo, mfupa wa nyonga au wa kiuno unabana nyama, damu haipiti, na kidonda kinaanza ndani kabla ngozi haijaonyesha kitu. Piga hesabu: hata kama Mama aliamka mara mbili tu kwa usiku, kwa miaka 31 ni zaidi ya mara 22,000. Mwili wenye mazoea ya namna hiyo hauachi kwa miezi minne. Kwa hiyo hajachanganyikiwa, wala hajapungukiwa imani. Msimlazimishe kulala. Na zaidi ya yote, msibomoe kile kitanda wakati yeye yuko sokoni. Jamaa nyingi hufanya hivyo kwa nia njema, na ugomvi wake haumaliziki. Mmoja wenu alale chumba kile wiki chache. Mama akiamka, akute mtu na kikombe cha uji wa moto.

Mchana, neno "pumzika sasa, Mama" halimsaidii. Alichopoteza ni mtoto pamoja na kazi yake yote, yenye saa zake: dawa, kuogesha, kulisha, kukausha, kugeuza. Mpeni jambo lenye saa maalumu na mtu anayemngoja, kwa mfano mjukuu wa kuogeshwa na kulishwa kila asubuhi, lisiwe la kumshughulisha tu. Apimwe uzito kituo cha afya mara moja kwa mwezi, mwandike. Mgongo na mabega pia yaangaliwe, kwa sababu kumwinua mtu mzima kila siku huharibu uti, na aliyekuwa anauguza hana kawaida ya kujisemea. Uzito ukizidi kushuka, au akianza kusema anataka kumfuata mwanawe, mpelekeni siku hiyo hiyo kwa daktari au SOSAME, kituo cha afya ya akili cha hapa Bukavu. Kwenda SOSAME hakumfanyi mtu kichaa. Wanaosema hivyo hawajafika pale.

Baba mkubwa atumiwe mtu wa rika lake, asitumiwe ninyi watoto. Aambiwe kwa upole kwamba neno "mmepumzika" lilimwambia Mama kuwa miaka yake 31 ilikuwa adhabu. Asije na hotuba nyingine. Aje akae, anywe chai, amtaje marehemu kwa jina.

Kisha kuna jambo ambalo hukuliandika, lakini tunalisoma kati ya mistari: kwamba labda mlichelewa, labda mlimlisha vibaya. Kwa mtu mwenye mtindio wa ubongo (ndiyo hiyo IMC) misuli ya koo haifuatani vizuri. Chakula kidogo, na hata mate ya usiku, huingia njia ya pumzi badala ya njia ya tumbo, na mapafu hushika maambukizi tena na tena. Kumkalisha wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, na kumwacha amekaa nusu saa baada ya kula hupunguza hatari hiyo. Hakuiondoi. Mate hayangoji saa ya chakula. Kifo cha namna hii ni cha kawaida hata pale ambapo mgonjwa ana wauguzi wa zamu, na kufika miaka 31 ni kazi ya mikono ya mtu.

Kikao cha upande wa Baba msikisusie. Nendeni na maneno machache: Mama alikuwa na uchungu siku mbili, mtoto hakulia, maana yake hewa haikufika kwenye ubongo kwa wakati, na sehemu inayoongoza misuli ikaumia. Jeraha lile halikukua tena baada ya hapo. Kilichobadilika ni misuli na viungo vilivyozidi kukaza. Wengine hupata hali hiyo hiyo kwa kuzaliwa kabla ya miezi, kwa umanjano mkali wa siku za kwanza, au kwa malaria iliyopanda ubongo wakiwa wadogo. Hairogwi, haiambukizi. Mkiombwa mchango wa kwenda kwa mganga au kwa nabii wa kuona aliyemfunga, semeni hapana, na mseme wote wanne kwa sauti moja.

Sasa kumbukumbu yenyewe. Mnaanza na picha na kaburi, kama watu wote. Sisi tunaona kitu cha kwanza kuokoa ni lugha yake. Mtu asiyesema kwa maneno ana lugha ambayo watu wachache tu wanaijua, nayo haikuandikwa popote. Iko kwenye masikio na mikono ya Mama, na kidogo kwenu. Foto inaweza kungoja mwaka. Hii itaanza kupungua kabla.

Nunua daftari la kurasa 96 na kalamu ya kawaida ya wino mzito. Ile ya wino wa maji hufumuka kwenye unyevu wetu. Gawa kila ukurasa sehemu tatu: alichofanya, maana yake, tulichofanya. Alitazama juu: ndiyo. Alikaza meno: hapana, au jino linauma. Alitoa sauti ya puani: redio imezimwa. Alitema uji: umepoa. Kila mmoja wenu wanne aandike kwanza peke yake bila kusoma za wengine, ndipo mlinganishe. Mkiandika pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote. Mtakapotofautiana, msifute, andikeni zote mbili na jina la aliyesema, kwa sababu yawezekana alikuwa na ishara moja kwa dada na nyingine kwa yaya.

Mama msimpe kalamu. Mrekodini kwa simu, dakika 15 au 20 kwa siku, zaidi ya hapo anachoka na kuanza kulia kwa uchovu tu. Simu iwekwe kwenye kiti karibu naye, mbali na jiko na bomba. Msimwulize "alikuwa mtu wa namna gani?", swali hilo litaleta "alikuwa mtoto mzuri" na basi. Mwulizeni: "Asubuhi ulianza na nini? Mkono gani uliuingiza kwanza kwenye shati?" Mpeni kikombe chake na kijiko chake ashike anapoongea, au kitenge alichomfungia. Ujuzi wa kuuguza umekaa mikononi, na mkono ukitembea maneno yanafuata: kwamba mkono uliokaza ndio unaovalishwa kwanza na kuvuliwa mwisho, kwamba kijiko kiliingia kwa upande wa kulia, kwamba bugali ilipondwa na mchuzi mpaka isishike kijiko. Maneno haya yatamfaa pia mama mwingine wa Kadutu mwenye mtoto wa miaka miwili ambaye bado hajui hata namna ya kumvalisha shati. Mama akikubali, andikeni nakala ya kurasa hizo kwa ajili ya akina mama kama huyo.

Picha zipo, ila mnazitafuta vibaya. Mkiuliza ndugu "una picha ya mdogo wetu?", atasema hana, kwa sababu hakumpiga picha yeye. Ombeni kwa tukio: picha zote za ubatizo fulani, za harusi fulani, za Noeli fulani, na video za wapiga kamera wa harusi. Mtatazama pembeni wenyewe. Kwenye video, simamisha pale uso wake unapoonekana na uchukue picha ya kioo cha simu (screenshot). Foto ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji nukta (pikseli) 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi. Uso uliokatwa kutoka pembeni mara nyingi haufiki hapo, basi ichapisheni ndogo kuliko kuivuta mpaka iwe ukungu. Watu wawatumie picha kwenye WhatsApp kama dokumenti, wasitume kama picha, kwa maana njia ya kawaida huipunguza ukubwa. Sikilizeni pia sauti za zamani ambazo Mama aliwatumia: nyuma ya maneno yake kuna kicheko cha mtu mwingine. Hifadhini kwenye kadi ya memori mbili, nyumba mbili tofauti.

Studio ikipewa uso kama huo hupenda "kutengeneza": mdomo unanyooshwa, shingo inasimamishwa, kichwa kinabandikwa kwenye suti ya mtu aliyesimama. Kataa kabla ya kulipa. Rekebisheni mwanga tu. Kwenye fremu, wekeni ukanda wa karatasi ngumu pembeni ili picha isiguse kioo, la sivyo msimu wa mvua itagandia na siku ya kuitoa itachanika usoni.

Watoto wako uwajibu kwa maneno mafupi. Mwili wa mjomba uliacha kufanya kazi. Hasikii njaa, baridi wala maumivu. Usiseme amelala, wataogopa kulala. Kuhusu kutembea huko aliko, waambie imani yenu inavyofundisha, lakini usifanye miguu ndiyo zawadi. Watoto wataelewa kwamba alivyokuwa hapa hakutosha.

Dawa zipelekwe kwa mfamasia wa kituo cha afya wiki hii. Zisitupwe chooni wala kwenye mfereji. Zisipewe jirani mwenye kifafa hata akiomba: kipimo hufuata uzito na aina ya kifafa, fenobarbitali ikizidi huzima pumzi, na valproati ikinywewa na mwenye mimba huharibu mtoto tumboni.

Kuhusu kiti, Yaya ana haki ya kuwaza pesa, ila hesabu yake haijakamilika. Kiti cha magurudumu hupimwa mwilini kama kiatu. Upana wake ni upana wa nyonga za anayekikalia, pengo lisiwe kubwa. Kina chake hupimwa kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha hutolewa sentimita 3 hadi 6. Mkimuuzia mama mwenye mtoto wa miaka minane kiti cha mtu wa miaka 31, mtoto atalala upande, uti wake utapinda, atapata vidonda, na mama atakuwa amelipia hayo. Kipelekeni Heri Kwetu, kituo cha hapa Bukavu kinachowahudumia watu wenye ulemavu, mwulize kama kuna mtu kinayemfaa na fundi wa kukirekebisha.

Kabla ya kukipeleka, kikagueni. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo hufa kwanza kwa mawe na matope ya vilima vyetu: inua mbele, zungusha, sikiliza kama yanakwaruza. Tazama viungo vya kuchomelewa juu yake, futa vumbi, tafuta ufa mwembamba kama unywele. Breki ya kubana tairi haishiki tairi likiwa laini, kwa hiyo jaza upepo kwanza ndipo uijaribu kwenye mteremko, mtu akiwa amekaa. Mto bonyeza kwa ngumi. Ngumi ikigusa ubao, sponji imekwisha, usimpe mtu. Mama abaki na kitambaa cha mto au mkanda, kitu kimoja anachochagua mwenyewe. Na siku ya kuondoka kwa kiti aichague yeye. Kama ni baada ya misa, ni baada ya misa.

Kaburi nalo halihitaji pesa ya kiti, wala halihitaji haraka. Udongo wetu ni mfinyanzi, tena kwenye miteremko. Shimo lililojazwa huendelea kushuka kwa misimu. Bamba likimwagwa mapema hukosa kitu chini yake, likapasuka katikati. Ngoja mvua ipite, mwage kati ya Juni na Agosti. Misa ikiangukia kabla, msalaba wa mbao na mawe pembeni yanatosha, na hakuna aibu.

Bamba la mita 2 kwa sentimita 80, unene sentimita 10, linakula mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50. Wa pili ni wa ukingo na lipu. Kwa mfuko mmoja: ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, ndoo ya lita 20, na maji lita 25 hivi. Fundi ataongeza maji ili koroga iwe rahisi. Mkatazeni, ndiyo chanzo cha simenti inayomenyeka. Vyuma vya milimita 8, viwili vya mita 12, vikatwe na kufungwa kila sentimita 20, viinuliwe kwa vijiwe sentimita 4 hivi kutoka chini. Vikilala kwenye udongo ni kutu tu. Funika kwa magunia mabichi, mwagia siku saba. Upande wa juu wa mteremko chimbeni mfereji wa sentimita 30 unaogeuza maji.

Jina liandikwe kamili. Mtaa ulimwita kwa ugonjwa wake, jiwe lisimwite hivyo. Tarehe ya kuzaliwa kama hamna cheti, angalieni kadi ya chanjo, au ombeni parokiani kitabu cha ubatizo: kina jina, wazazi na msimamizi wake.

Tarehe 3 Desemba ni siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992, na pengine mtu atawashauri misa iwe siku hiyo. Sisi hatuipendelei. Ile ni ya wote. Yake ni ile ya kuzaliwa au ya kufariki.

Hotuba, basi. Ulichofuta ulikifuta vizuri. Dakika tano ni kurasa mbili za daftari, zisizidi. Ulemavu wake usemwe kwa sentensi moja, kavu, karibu na mwanzo, ili watu waache kuungoja: alizaliwa na mtindio wa ubongo, hakutembea, hakusema kwa maneno. Baada ya hapo usiurudie. Weka uji uliopoa. Weka sambaza. Weka kitu kimoja alichowafanyia ninyi bila kuinuka: nani alikuja kukaa kando yake akiwa na siri, nani aliacha ugomvi kwa sababu yeye alianza kulia. Usiandike "mzigo", hata kwa kusema hakuwa mzigo. Neno likishatamkwa ndilo wanalotoka nalo. Usiandike "mtoto wetu" bila kutaja miaka yake. Alikuwa mwanaume wa miaka 31 mwenye ndevu za kunyolewa, na aliyemnyoa atajwe. Isomee Mama nyumbani kwanza, mara mbili, siku tofauti. Atakachokikataa kiondoe, hata kama ndicho ulichokipenda.

Msimamizi wa sherehe mpe asubuhi karatasi yenye jina la mdogo wenu kwa herufi kubwa, umwambie atamke hilo tu, asiseme "marehemu mlemavu". Na Mama akitaka kusema, maikro ipelekwe pale alipokaa. Asiitwe mbele.